Tusiikate Mipera

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Machakos, kabla ya mvua za vuli)



Tumeombwa tuseme juu ya miti ya matunda, na wengi wenu mnangojea habari za maembe. Leo si maembe. Katekista mmoja alituuliza swali wakati wa semina ya Kwaresima, nasi hatukuwa na jibu. Katika kitabu cha Nabii Isaya, sura ya 41 na tena sura ya 55, unatajwa mti uitwao mhadasi. Malkia Esta naye jina lake la Kiyahudi lilikuwa Hadasa, yaani mti huo huo. Akatuuliza, "Huu mhadasi ni mti gani, na kwetu Ukambani uko?"

Tulienda tukatafuta. Mhadasi ni mti mfupi wa kichaka, usiopukutisha majani mwaka mzima, wenye maua meupe na harufu nzuri. Kwao ni nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Hapa kwetu hauoti wenyewe porini. Lakini ukoo wake uko, tena ni ukoo mkubwa. Mkaratusi ni wa ukoo huo. Mzambarau pia. Mkarafuu wa Unguja na Pemba pia. Chukua jani la kila mmoja, livunje, linuse: yote yana mafuta ndani, ndiyo maana yananukia. Na aliye karibu nasi kuliko wote katika ukoo huo, anayesimama nyuma ya jikoni bila kualikwa na mtu, ni mpera.

Tunaona wengine mnacheka. Mpera! Ati huo ni mti wa ndege na watoto wa shule. Ni kweli, tukiuliza hapa ni nani aliyepanda mpera wake kwa mkono, sijui kama mikono itafika mitano. Ndege amekula pera kwa jirani, akaja akaketi juu ya ua wako, basi mti umeota. Tumesoma vitabu vya vikundi vingi, tukaona miche ya mikaratusi, ya maembe, ya parachichi, ya mgrevilea. Mpera hatujauona ukiandikwa hata mara moja. Mti usioandikwa hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe hukatwa bila mtu kuulizwa. Hapo ndipo tunapotaka kuanzia, kwa sababu na sisi tuna kosa letu katika jambo hili.

Mnajua habari ya nzi wa matunda. Yule mkali zaidi alitoka Asia, na hapa Kenya alionekana mara ya kwanza mwaka 2003. Haikuchukua muda akafika kwenye maembe yetu. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe soko la Ulaya kwa sababu yake, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Waliokuwa wamepanda miembe kwa mkopo wanajua miaka hiyo ilikuwaje.

Basi katika mkutano mmoja upande wa Mwala, wenye miembe walilalamika sana. Sisi tulisomea kazi za jamii, hatukusomea kilimo, na tulisema tulilosikia kwa wengine: kwamba pera ni nyumba ya nzi, na penye mipera ovyo ovyo maembe hayaponi. Si uongo. Lakini tuliishia hapo, tukafunga mkutano kwa sala, tukapanda pikipiki tukarudi.

Wiki mbili hazijaisha, akaja ofisini mama mmoja mjane. Shamba lake halifiki eka moja, na mwembe hana hata mmoja. Alikuwa na mipera mitatu, miti mikubwa ya zamani iliyokuwa inazaa hata mwaka wa ukame, na pesa za mapera ndizo zilizokuwa zikinunua sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya wajukuu. Siku moja ya soko alirudi akakuta vijana wa shemeji yake wameikata yote mitatu kwa panga. Walikuwa na maembe ng'ambo ya mpaka. Hakuja kulia. Aliketi kwenye benchi, akaweka kiondo chake chini, akatuuliza: "Wanangu, mlisema tukate, au mlisema tusafishe?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulikwenda Katumani, tukauliza watu wa kilimo, tukasoma yale ambayo wataalamu wa ICIPE pale Kasarani wameandika juu ya nzi huyu. Haya ndiyo tuliyopaswa kusema siku ile.

Sikilizeni jinsi nzi huyu anavyofanya kazi. Jike hutoboa ganda la tunda linaloanza kukomaa, huweka mayai chini ya ganda. Baada ya siku chache mayai yanakuwa funza, nao hula tunda kutoka ndani. Tunda huoza, huanguka. Funza hutoka, huingia udongoni vidole vichache tu, hujifunga ndani ya kijumba cha rangi ya kahawia kama punje ya mchele. Baada ya wiki moja hivi au mbili hutoka nzi mzima, na mambo yanaanza upya. Jike mmoja huweka mamia ya mayai.

Mmeona sasa? Mti wenyewe haumlei nzi. Anayelelewa analelewa na tunda lililoanguka likaachwa. Maembe yakiisha msimu, nzi huhamia kwenye mapera, na machungwa, na matunda ya porini ambayo hakuna panga litakaloyamaliza. Na mwembe mchafu humlea sawasawa na mpera mchafu. Tulipotembelea mashamba ya wale waliotaka mipera ikatwe, chini ya miembe yao tulikanyaga maembe yaliyooza mpaka viatu vikateleza. Tunasema hivyo bila kumchongea mtu.

Dawa yake ni usafi, tena usafi wa wote. Okoteni matunda yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na yale yaliyo mtini yenye alama ya kutobolewa. Usiyatupe kwenye jaa la samadi. Hapo umempa nzi kitanda. Yachimbieni shimo la kina cha futi mbili au zaidi, mfunike vizuri na kushindilia. Au myatie katika gunia la mbolea lenye nailoni ndani, mfunge mdomo kabisa, mliache juani siku kadhaa mpaka funza wafe wote. (Msitafute ile mifuko ya zamani ya dukani, ilipigwa marufuku mwaka 2017, na gunia ni imara zaidi.) Fungulieni kuku wakwaruze chini ya mti, maana vile vijumba vya kahawia ni chakula kizuri kwao. Kuna pia mitego yenye dawa ya kuvuta nzi dume. Inasaidia, lakini inagharimu pesa, na pasipo kuokota matunda ni kama kuteka maji kwa kikapu.

Mtu mmoja akisafisha na majirani watatu wasisafishe, amejichosha bure. Nzi haulizi mpaka wa shamba. Kwa hiyo kazi hii ni ya mwethya. Matuta tunayojivunia hapa Machakos hayakuchimbwa na mtu peke yake juu ya kilima; kama wa juu hakuchimba, maji yake yalibomoa ya wa chini. Nzi ni vivyo hivyo. Kikundi kiwe na siku yake, na kianze kwa wasiojiweza, kwa wazee na wajane, sio kumalizia kwao.

Sasa turudi kwa yule mama. Visiki vyake vitatu havikufa. Mpera ukikatwa huchipuka kama mkaratusi unavyochipuka, ni ndugu kweli. Mvua iliponyesha vilitoa machipukizi mengi, naye akapunguza, akaacha manne kwa kila kisiki. Mwaka wa pili yakazaa, na mapera yalikuwa makubwa kuliko yale ya kwanza, tena yalichumwa mtu akiwa amesimama chini bila kupanda. Tuliposhangaa, afisa wa kilimo akatueleza: mpera hutoa maua kwenye tawi jipya la msimu huo. Tawi zee halizai kitu. Sisi tunauacha mti urefuke mpaka juu ya paa, wote tawi zee, matunda madogo madogo yako juu kwa ndege, halafu tunasema huu ni mti wa ndege!

Kwa hiyo pogoeni. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua za vuli, ondoeni matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na yale yanayoota kutoka mizizini kama hamyahitaji. Ncha za matawi yaliyobaki mzikate pia, kiasi cha shubiri moja au mbili. Mvua ikifika mti utatoa machipukizi na maua, na tangu ua mpaka tunda kuiva hesabuni miezi minne au mitano. Tumieni msumeno au kisu kikali. Panga hupasua tawi, na jeraha lililopasuka huoza. Matawi mliyokata ni kuni nzuri, na lililonyooka linafaa kuwa mpini wa jembe.

Wanaotaka kupanda mipya, njia ni tatu. Ya kwanza ni mbegu. Chagueni tunda kutoka mti mtamu unaozaa hata mwaka mbaya, mzioshe mbegu mpaka utelezi uishe, mziloweke usiku mmoja, mzipande kitaluni. Zitachukua wiki mbili mpaka tano, au zaidi, kuota. Lakini mti wa mbegu haufuati mama yake sawasawa. Unaweza kupanda mbegu ya pera tamu ukapata pera chungu la mawe, ukagundua baada ya miaka mitatu. Ya pili ni chipukizi la mzizini: chimba kando yake polepole, likate pamoja na kipande cha mzizi wakati wa mvua, lihamishe. Hilo linafuata mama.

Ya tatu tunaipenda zaidi. Chagua tawi lenye unene wa kidole, likiwa bado mtini. Menya ganda lake kuzunguka pande zote, upana wa inchi moja, mpaka uone mti mweupe. Zungushia udongo wenye mboji uliolowa maji, kiasi cha ngumi mbili, ufunge kwa kipande cha nailoni juu na chini kama pipi. Ukifanya hivyo mwanzo wa mvua, baada ya miezi miwili au mitatu utaona mizizi ndani ya nailoni. Kata chini ya mizizi hiyo, weka kitaluni kivulini mpaka ushike. Mti wa namna hii unaweza kuanza kuzaa mwaka wa pili, na unafuata mama kwa kila kitu.

Shimo liwe futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu wekeni kando, mchanganye na debe moja la samadi iliyooza, urudi kwanza. Mti na mti muachanishe hatua tano au sita. Wenye matuta ya fanya juu, pandeni ndani ya mtaro ambapo maji ya mvua hukusanyika. Wasio na nafasi, mti mmoja mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa unatosha. Mpera huvumilia ukame, lakini kuvumilia si kuzaa. Mti mchanga unyweshwe kiangazi cha kwanza na cha pili, na uzungushiwe miiba, kwani mbuzi wanaupenda. Na kabla ya kupanda karibu na mpaka, semeni na jirani. Kesi za mpaka tumeziona za kutosha.

Mtu atauliza, "Kwa nini tusijaze kitalu mikaratusi? Nguzo zina pesa." Zina pesa. Lakini pandeni mlimani na mbali na maji. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iliyokuwa kando ya mito na chemchemi ing'olewe, na hapa Ukambani hatuna mto wa kuchezea. Tena nguzo haziliwi.

Na kuliwa ndilo jambo tunalolitilia mkazo zaidi. Gramu 100 za mapera zina vitamini C karibu mara nne ya zile zilizo kwenye gramu 100 za chungwa. Pera moja la kadiri linamtosha mtu mzima siku nzima. Lakini tusiishie kwenye vitamini kama tangazo la redio. Angalieni sahani zetu: muthokoi, isyo, ndengu, kunde, mbaazi. Vyakula hivi vina madini ya chuma yanayotengeneza damu, ila chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini. Vitamini C inakifungulia mlango. Chai inaufunga. Nasi tunafanya nini? Tunakula muthokoi, tunashushia kwa chai, na mapera tumeyapeleka sokoni! Halafu mama mjamzito anaambiwa kliniki kwamba hana damu. Mpeni pera pamoja na chakula, na chai aipate baadaye, baada ya saa moja hivi. Vidonge vya kliniki aendelee navyo. Pera haliondoi kidonge.

Mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula, apewe pera bivu lililopondwa na kuchujwa, maana mbegu zinaweza kumkaba. Wazee wasio na meno vilevile. Wakubwa kuna wanaoogopa kwamba mbegu zikimezwa zinaingia kwenye kidole tumbo na mtu apasuliwe. Tumewauliza madaktari. Wanasema ni nadra mno, na si sababu ya kumnyima mtoto tunda. Mapera mabichi mengi kwa mpigo, hayo yatafunga choo, na mtoto wa shule anajua hilo bila kuambiwa.

Majani je? Mababu walichemsha majani ya mpera kwa mtu anayehara, na hata leo watafiti wanaona yana kitu kinachosaidia tumbo. Mtu mzima anaweza kunywa. Lakini mtoto mdogo msimtibu kwa majani, tunawaomba. Kinachomuua mtoto anayehara ni kukaukiwa maji. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawa bila mlima juu. Anyweshwe kidogo kidogo, na ziwa la mama lisikatizwe. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki vya siku kumi hadi kumi na nne. Macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, au mkiona damu, msingoje asubuhi.

Sasa pesa. Pera likiiva halikai. Siku tatu nne limekwisha. Broka anajua hilo, ndiyo maana anakuja jioni. Chumeni tunda linapoanza kuacha ukijani likielekea manjano, kusanyeni kwa kikundi, uzeni kwa kilo na si kwa ndoo yenye kilima juu. Mizani moja ya kikundi hujilipa upesi.

Wengine mtataka kutengeneza jemu. Osheni mapera, mchanganye yaliyoiva na yale yaliyokomaa bila kulainika, kwani hayo ndiyo yanayoifanya jemu igande. Mkate vipande, mwongeze maji mpaka yafunike, mchemshe mpaka yalainike kabisa, mchuje mbegu. Kila kikombe cha uji huo kipate kikombe cha sukari, na ndimu moja kwa kila vikombe vinne au vitano. Chemsheni mkikoroga mpaka tone likiwekwa kwenye sahani baridi lisitiririke. Chupa na vifuniko vichemshwe dakika kumi, jemu itiwe ikiwa moto. Lakini pigeni hesabu kwanza ya sukari, kuni na chupa. Tumeona kikundi kilichotengeneza chupa nyingi kwa furaha, zikakaa stoo ya parokia mpaka tukazila sisi na wageni. Kuuza dukani kunataka alama ya KEBS na mtu wa afya aone jikoni. Anzeni na chupa za nyumbani na za harusi za jirani. Na mjue moto hupunguza ile vitamini C, kwa hiyo jemu ni ya mkate na pesa. Tunda la mtoto ni lile bichi lililoiva mtini.

Wale vijana wa shemeji, mtauliza. Tuliwaendea pamoja na mzee wa kijiji. Haikuwa rahisi. Mmoja alituambia wazi, "Ni ninyi mliosema." Tukakubali kwamba ni sisi. Tulikubaliana waokote matunda pande zote mbili za mpaka, ya kwao na ya mama, kila Jumatano na Jumamosi. Jumatano wanakuja. Jumamosi wakati mwingine hawaonekani, naye mama huokota peke yake na kuzika, halafu hutuma mjukuu akawaambie.

Mama huyo amekubali tufungie matawi ya miti yake kwa nailoni mvua ikianza, kwa vikundi vitakavyotaka miche. Kila kikundi kitoe watu wawili wa kujifunza, na angalau mmoja awe mwanamke. Andikisheni majina kwa katibu kabla hamjaondoka. Siku hiyo njooni na kisu kikali, kamba, nailoni, na chakula chenu, msimtegee mama. Panga muache nyumbani.